Oteli ya bei ndogo Kisangani: mambo ya kuuliza mbele ya kuacha begi

Msafiri anayetoka Bunia, Beni, Butembo, Isiro ao Kindu na kufika Kisangani kwa siku mbili ao tatu anakuwa na hesabu moja kichwani: atalala wapi bila kumaliza feza? Wengi hawaji kwa matembezi tu. Kuko wanaofuata diploma kwenye Chuo Kikuu cha Kisangani, wanaokuja kununua bidhaa, wanaohudhuria ndoa, wanaosindikiza mgonjwa, na wanaofuata dosié za malipo ya wahanga wa vita ya siku 6 ya mwaka 2000. Kuko pia vijana na watu wa ndoa wanaokuja kupumzika, kuona wavuvi Wagenia na kula samaki kandokando ya mto. Kwa wote hao, nyuma ya tiketi ya njia, oteli ndiyo inakula sehemu kubwa ya feza.

Shida ni kwamba bei inayoandikwa kwenye resepsioni si bei yote. Chumba cha bei ndogo kinaweza kumgharimu msafiri kuliko kile cha bei ya kati, kwa sababu ya moto za usiku, maji ya kununua, chakula cha mbali, na usiku mzima bila usingizi. Kwa mama aliyeweka kando feza ya dawa, ao mfanyabiashara mdogo aliyekuja na mtaji wa magunia mawili, kosa la dola 10 kila usiku si kitu kidogo.

Kujua mji mbele ya kujua oteli

Kisangani ina mitaa sita. Makiso ndiyo katikati ya mji: ofisi za jimbo, benki, maduka makubwa, soko kuu, kanisa kuu la Katoliki na oteli nyingi ziko pale. Mitaa ya Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani iko ngambo moja na Makiso. Mtaa wa sita, Lubunga, uko peke yake ngambo ya kushoto ya mto Kongo, na hakuna daraja la kuunganisha ngambo hizo mbili. Watu wanavuka kwa mitumbwi na mashua.

Hilo la Lubunga linafaa kufikiriwa sana, kwa sababu linawapata wageni kila mara. Anayetoka upande wa Ubundu anafikia Lubunga, kwa sababu reli ya zamani ya Ubundu inaishia ngambo ile. Akifika giza imekwisha kuingia, ni vizuri alale palepale, hata kama chumba hakimpendezi, kuliko kuingia mtumbwi usiku na begi mkononi. Na yule mwenye kazi Lubunga lakini amelala Makiso, inafaa ahesabu safari za kuvuka kila siku na apange kurudi mbele ya jua kuzama. Mto Kongo pale Kisangani ni mpana, maji yake yana nguvu, na jioni ya upepo hata watoto wa pale hawachezi nao.

Kwa wengine, swali ni kama kulala Makiso ao nje ya Makiso. Tuchukue mfano, si bei ya oteli fulani. Chumba cha Mangobo ni dola 15, chumba cha Makiso ni dola 22. Mwenye kuangalia haraka anaona amepata dola 7. Lakini kazi yake iko Makiso: asubuhi anachukua moto kwenda, mchana anarudi kupumzika, saa 9 anatoka tena, usiku anarudi. Tuseme kila safari ya mchana ni dola 1 na ile ya usiku ni dola 2, kwa sababu motari hawakubali bei ya mchana giza ikishaingia. Hiyo ni dola 5 kwa siku. Chumba cha dola 15 kimekuwa dola 20. Akinunua chai na mkate nje, wakati ile oteli ya Makiso inavitoa pamoja na chumba, vyote viwili vimefikia bei moja. Na kama ni watu wawili, kila mmoja na moto yake, kile cha Mangobo kimefika dola 25. Ndiyo kimepita!

Hesabu hiyo inageuka kwa mtu ambaye kazi yake iko palepale Mangobo ao Kabondo, ama mwenye ndugu wa kumpa chakula. Kwake Makiso ni hasara. Hapo zamani mgeni wa Kisangani alikuwa anazunguka kwa toleka, baiskeli za kubeba watu ambazo mji huu ulijulikana nazo, na bei yake ilikuwa haiumizi. Leo moto ndizo nyingi, na mafuta ya moto yakipanda, bei ya moto nayo inapanda. Ndiyo maana swali la kwanza kwa simu lisiwe «Chumba iko ngapi?» Liwe «Mama, muko karibu na nini?»

Grupe, klima na ukweli wake

Kisangani si Butembo. Butembo iko kwenye mlima, mtu analala na blanketi. Kisangani iko chini, karibu na ikweta, katikati ya pori kubwa, na joto lake lina unyevu mwaka mzima. Msafiri wa kutoka Lubero ao Butembo anayechagua chumba chenye dirisha dogo na paa la mabati bila plafo, kwa sababu ni cha bei ndogo, atatoka nje usiku kutafuta hewa.

Kwa hiyo oteli nyingi zinagawa vyumba kwa namna mbili: vile vya vantilateri na vile vya klima. Kile cha klima bei yake ni ya juu, na hapa ndipo watu wengi wanalipia kitu ambacho hawakipati. Umeme wa Kisangani unatoka kwenye barrage ya mto Tshopo, inayosimamiwa na SNEL. Mji umekua, mashine zimezeeka, na umeme unakatika, mara kwa zamu, mara bila taarifa. Umeme ukikatika, oteli inawasha grupe. Lakini grupe ndogo inabeba taa, televizyo na vantilateri. Haibebi klima za vyumba 15. Tena grupe haiwaki usiku kucha: mafuta ni ghali, na nyumba nyingi za bei ndogo zinaiwasha tangu saa 12 ya magaribi mpaka karibu saa 4 ya usiku. Nyuma ya hapo, mwenye chumba cha klima na mwenye chumba cha vantilateri wanatoa jasho sawasawa. Tofauti ni kwamba mmoja amelipa zaidi.

Inafaa kuuliza kwa maneno wazi: «Umeme ya SNEL ilikuwako jana usiku? Grupe inawaka toka saa ngapi mpaka saa ngapi? Klima inatembea na grupe ao na SNEL tu?» Mtu wa resepsioni mwenye ukweli atajibu bila kuzunguka. Akijibu «hakuna shida, papa, kila kitu kiko», msafiri aulize tena, ama aulize mlinzi wa mlangoni, ambaye hana sababu ya kupamba. Nyumba nyingine zimeweka paneli za jua na betri. Hizo hazibebi klima, lakini zinaacha taa na vantilateri ndogo vikifanya kazi mpaka asubuhi bila kelele ya mashine, na kwa mtu wa feza kidogo hiyo ni bora kuliko klima ya mdomo.

Chumba cha vantilateri chenye madirisha mawili yanayotazamana, yenye wavu, kwenye upande usiopigwa na jua la mchana, kinalalika vizuri. Ni cha kutafuta kwanza.

Kuhusu mahali pa grupe yenyewe: ikiwa nyuma ya ukuta wa chumba, hakuna usingizi mpaka izimwe, na moshi unaingia. Kuangalia ni dakika moja tu. Watu hawaangalii kwa sababu wamefika wamechoka.

Kuona chumba, si picha ya chumba

Anayekuja na gari kwenye barabara ya taifa namba 4, ile ya Komanda, Mambasa, Niania na Bafwasende, hajui saa ya kufika. Mvua ikinyesha, matope yanaamua. Anaingia mji usiku, vumbi mwilini, na motari anamwambia: «Kuya, niko najua oteli muzuri.» Motari wengi ni watu wazuri, lakini kuna anayepewa kitu kidogo na oteli kwa kila mgeni anayemleta, na kitu hicho kinaingia ndani ya bei ya chumba. Kwa sababu hiyo ni vizuri msafiri awe na majina mawili ao matatu ya oteli tangu nyumbani, aliyopewa na mtu aliyelala pale mwaka huu, si miaka kumi iliyopita. Oteli nzuri ya zamani inaweza kuwa leo imebaki jina tu.

Akifika, aombe kuona chumba mbele ya kuandikwa. Hiyo si dharau. Kila resepsioni inajua. Ndani ya chumba afungue robine, kwa sababu maji ya REGIDESO nayo yana siku zake. Robine ikiwa kavu, aangalie kama kuna pipa ao bidon iliyojaa, yenye kifuniko, na aulize kama kujazwa tena kunalipishwa. Ainue shuka na kuangalia godoro kwenye mishono, pale kunguni wanapojificha. Afunge mlango kwa ufunguo yeye mwenyewe, kisha aangalie kama kuna kizuizi cha ndani. Asukume dirisha. Na anyooshe chandarua juu ya kitanda chote: cha kufika mpaka chini, kisicho na tundu. Kisangani malaria haina likizo, na mbu za karibu na mto hazingojei msimu. Chandarua cha kubeba hakizidi uzito wa suruali moja. Anayesafiri na mtoto ama mwanamke mwenye mimba asiondoke nyumbani bila hicho.

Halafu masikio. Nganda iko chini ya chumba? Katikati ya Makiso kuna terasi zinazopiga muziki mpaka usiku mkubwa, hasa siku ya tano, siku ya posho na siku ya mungu. Kanisa la uamsho lenye vipaza sauti linaweza kuwa ukuta kwa ukuta na oteli, na maombi ya usiku kucha hayana saa ya kumaliza. Mtu aliyekuja kucheza muziki hatalalamika. Aliyekuja na mgonjwa, aombe chumba cha nyuma ao aende kwingine.

Nyumba za kanisa na nyumba za pasaji

Watu wa mashariki wanajua neno procure. Ni nyumba ya jimbo la Katoliki ambamo mapadri na wageni wanalala, na mara nyingi watu wengine wanapokelewa pia nafasi ikiwako. Masista wa mashirika mbalimbali, na makanisa ya Kiprotestanti, nao wana nyumba zao za wageni katika miji mingi, na Kisangani haikosi. Vyumba ni vya kawaida: kitanda, meza, chandarua, shuka safi. Chakula kinapikwa kwa saa yake. Kwa usafi na usalama, kwa bei ileile, ni vigumu kuzipita, hasa kwa mwanamke anayesafiri peke yake, wanafunzi na familia.

Zina sheria zake lakini. Mlango mkubwa unafungwa mapema, na mlinzi hatafurahi kuamshwa saa 6 ya usiku. Pombe na muziki, hapana. Watu wasio wa ndoa wanaweza kukataliwa chumba kimoja. Na vyumba vinajaa kukiwa na mkutano ama seminari. Inafaa kupiga simu siku nyingi mbele. Mwenye kutaka kuonja usiku wa Kisangani, mahali pake si pale.

Upande mwingine kuko nyumba za pasaji, zile zinazokodisha chumba kwa saa. Zinajulikana haraka: bei mbili kwenye ukuta, watu wanaingia mchana bila begi na kutoka kisha saa moja, resepsioni haiombi jina la mtu. Bei ya usiku inaweza kuonekana ndogo sana. Lakini shuka hazijulikani zimelaliwa na nani mchana ule, mlango unagongwa usiku, polisi wanaweza kupita. Msafiri mwenye feza ya bidhaa mfukoni hana la kutafuta pale. Na akiona watoto wasichana wanaingizwa vyumbani, hiyo si mambo ya oteli tena. Sheria ya Kongo inaadhibu kumtumia mtoto kwa ngono, na mwenye nyumba naye anaguswa.

Mama anayesafiri peke yake anaweza kuomba mambo matatu bila haya: chumba karibu na resepsioni ama kwenye ghorofa kuliko kile cha mwisho nyuma ya ua, namba ya chumba isitajwe kwa sauti mbele ya watu wanaokunywa, na mtu yeyote anayemuuliza asipelekwe mlangoni bali aitwe kwa simu. Resepsioni ikicheka maombi hayo, imekwisha kujibu. Aende kwingine mapema, wakati moto bado ziko nyingi barabarani.

Kushika chumba kwa simu

Oteli za bei ndogo za Kisangani hazionekani sana kwenye intaneti, na zile zinazoonekana mara nyingi zinaandika bei ya wageni wa mashirika. Simu ndiyo njia. Muda wa sikukuu za mwisho wa mwaka, wakati wa sherehe za diploma, ama wakati ujumbe wa serikali umefika na msafara wake, vyumba vya bei ya kati vinakwisha kwanza na bei inapanda bila aibu. Kupiga simu wiki moja mbele kunasaidia kuliko kubishana mlangoni.

Resepsioni ikiomba avansi kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, msafiri asitume feza yote. Ya usiku mmoja inatosha. Aangalie jina linaloonekana kwenye simu mbele ya kuthibitisha: kama ni jina la mtu asiyejulikana, apige kwanza kwenye namba iliyoandikwa kwenye kibao cha oteli, ambayo ndugu ao rafiki wa pale anaweza kumsomea. Ahifadhi ujumbe wa malipo, kisha aombe video fupi ya chumba kwa WhatsApp, iliyochukuliwa siku ileile. Picha za siku ya ufunguzi wa oteli zinapendeza zote.

Bei inazungumzwa. Anayekaa siku tatu aombe bei ya siku tatu. Anayekuja na wenzake wanne aombe bei ya kundi. Oteli ikikataa kushusha, inaweza kukubali kuongeza chai ya asubuhi, godoro la mtoto, ama kuacha begi baada ya saa ya kutoka. Hilo la saa liulizwe siku ya kwanza, kwa sababu nyumba nyingine zinahesabu saa 24 tangu mgeni alipoingia, nyingine zinataka ufunguo urudi mbele ya saa 6 ya mchana hata kama mtu aliingia usiku wa manane. Anayefika alfajiri na kulipishwa usiku mzima kwa masaa mawili ya kulala ana haki ya kukasirika, lakini kama hakuuliza, hana pa kushitaki.

Fishi, dola na risiti

Kila oteli ina fishi ya kujaza: jina, mahali pa kutoka, kazi, namba ya kitambulisho. Kadi ya uchaguzi inatumika kila siku kwa kazi hiyo. Vyombo vya usalama vinapitia fishi hizo, kwa hiyo kuandika uongo ni kujitafutia maswali. Lakini kitambulisho chenyewe kionyeshwe, kiandikwe, kirudi mkononi. Hakuna sababu kilale resepsioni kama dhamana, hasa kwa mtu mwenye vizuizi vingi njiani.

Bei ikitajwa kwa dola na msafiri analipa kwa franka, aulize oteli inabadili dola moja kwa franka ngapi, na alinganishe na wabadilisha feza wa barabarani. Tofauti ndogo kwa kila dola inakuwa chakula cha mchana kwa siku tatu. Noti za dola zilizopasuka, hata mpasuko wa kidole, zinakataliwa. Ni vizuri kuzichambua nyumbani kuliko kugombana usiku. Malipo yote yapate risiti yenye muhuri, tarehe na idadi ya siku. Resepsionisti wa zamu ya usiku na yule wa asubuhi hawaachiani habari kila mara, na bila karatasi mgeni anaweza kuombwa feza mara ya pili.

Mwenye kuondoka na ndege apange motari ao taksi tangu jioni. Uwanja wa Bangboka uko zaidi ya kilometa 10 kutoka Makiso, na asubuhi ya mvua moto zinakuwa chache. Aangalie pia kama Go-Pass imekwisha kuhesabiwa ndani ya tiketi. Tena, kama tiketi ilinunuliwa na ndugu wa Kinshasa aliyetuma saa kwa simu, amuulize ni saa ya wapi: Kisangani iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na ndege haingojei mtu aliyechanganya.